Mashine ya Baba Haiuzwi

Saila,

Supu ya njegere ya Alhamisi iko jikoni. ~~Mnunuzi wa mashine ya kuranda akija, msaidie kuipakia.~~ Akija, mpe kahawa, muombe radhi, mwambie haiuzwi.

Asubuhi baba yako mdogo Veikko alikuja kuitenganisha na umeme. Unakumbuka ilivyokuwa ikinguruma bila kushika kasi, na marehemu baba yako akisema, “Imezeeka kama mimi.” Veikko akapima waya wa kutoka nyumbani hadi karakana: mita arobaini, unene milimita za mraba moja na nusu. Akacheka hadi akakaa chini.

“Shemeji, kaka alikuwa akimnywesha ng’ombe kwa mrija. Umeme ulichoka njiani.”

“Na wewe fundi ulikuwa wapi miaka yote?”

“Alinikataza kugusa.”

Garini alikuwa na waya wa milimita sita. Akautandaza, akaunga fezi zote tatu za umeme, akaniambia nibonyeze swichi. Mashine ikaamka papo hapo. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Nimekwenda kununua mbao. Usiukanyage waya uani, kesho tutaufukia.

Kuna ubao nilioranda kwenye benchi. Unuse. Unanukia kama shati la baba yako.

Mama