Siku Niliyosahauliwa na Sensa

Mpendwa mjukuu wangu Nduta,

Sisi wazima, na mguu wa mama yako umepona. Unaniuliza utazoeaje Aisilandi, nchi yenye watu wachache hivyo.

Miaka ya sabini nilikuwa nesi Birmingham. Nilipanga chumba Sparkbrook, kwenye nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, na sikuwa na wa kuongea naye. Ilipokuja sensa, mwenye nyumba alijaza fomu akanisahau. Nilimsimulia nesi mwenzangu Gudrun, aliyetoka hukohuko Aisilandi.

"Kwetu tuko wachache," akasema, "mmoja akikosekana tunajua."

Jioni nilimwendea mwenye nyumba. "Niandike na mimi."

Akaniuliza ninaitwa nani. Nilikuwa nimekaa kwake miaka miwili.

Nakuombea huko wakujue mapema.

Nyanya yako