Dada, Mchi na Mchezo Wangu wa Mapanga

Shoga, mdomo unanitoka damu. Dada kanipiga kwa mchi. Mchi wa kinu!

Si ule mchezo wangu wa kompyuta, wa mapanga na majoka? Miaka kumi na mitatu naucheza, na leo ndiyo nagundua pango ambalo sijawahi kuliona. Nikasahau kwenda kumchukua mama hospitali. Kakaa juani masaa mawili mazima.

Dada ndiye kamleta, kamlaza chumbani, ndipo kaja kwangu. "Mama yako umemsahau kwa ajili ya katuni?" Mchi wa bega, paa! Wa pili mdomoni. Nikamng'ata mkono. Tukabiringishana mpaka kwenye kompyuta, kiwiko chake kikabonyeza kitufe, mtu wangu wa mchezoni akamkata kichwa yule mzee mfua vyuma aliyeniuzia upanga wangu wa kwanza. Mzee wa watu!

Kijiji kizima kikachomoa mapanga. Dada akaganda. "Wanakuja! We, wanakuja!" Akanisukuma, akakalia kiti changu.

Dada yangu huyu huyu! Keshachinja kumi na mmoja. Mchi uko mapajani, nikisogea tu anauinua.

Sasa hivi mama kaita kutoka chumbani, anaomba maji ya kumezea dawa.

Unajua dada kamjibu nini?

"Subiri mama, nimezingirwa!"