Tairi za Nyuma Zinaisha, na Mama Mkwe Nnamwonea Haya

Bi Nadra, asalaam aleikum, na shikamoo kwa heshima zako. Mimi ni msomaji wako wa Kikwajuni, nnakuandikia kwa jambo ambalo nyumbani siwezi kulisema, maana linamhusu mama mkwe wangu, Bi Mize, na huyo mama sina cha kumlipa hata niishi miaka mingapi.

Nilipomuoa binti yake Yusra sikuwa na kitu, nakwambia kweli, vibarua vya leo vipo kesho havipo, na yeye mama ni mjane anayepikia watu shughuli za harusi, akaniita siku moja uwani akanionesha gari ya marehemu mumewe iliyofunikwa turubai, akanambia, "Suhail mwanangu, gari hii inaota kutu na mimi sijui kuendesha, ichukue utafute riziki," na mimi nikalia mbele yake kama mtoto, wallahi sioni haya kulisema, maana tokea siku ile nnachukua abiria, nnakula, nnavaa, na mke wangu sasa ana mimba yetu ya kwanza, na yote hayo kwa mkono wa mama yule.

Basi kwa kushukuru nikasema vyombo vyake vya shughuli havipandi tena gari ya kukodi, nitavibeba mimi, na ndo nnavofanya kila wiki, buti linajaa sufuria za biriani, majiko ya chuma, miko, na magunia ya mchele juu yake, mpaka gari inakaa mkia chini, na mama na Yusra kiti cha nyuma wamepakata vilobaki, na hapo ndipo tairi za nyuma zilipoanza kuisha mbio mbio, za mbele nzima, za nyuma kipara katikati, nnabadilisha, zinaisha tena, na mimi ili gari isionekane imelala nikawa nnazijaza upepo mpaka zinakuwa ngumu kama jiwe.

Mama akaniuliza, "Hivi tairi hizi mbona hazikai?" nikaona nikimwambia ni mzigo atasikia vibaya, nikamsingizia Mansour, muuza tairi wa Mwanakwerekwe, nikasema anauza tairi mbovu, na mama kwa kunipenda akamtangaza kila shughuli anayokwenda kupika, sasa Mansour nikipita ananitazama tu.

Wiki iliyopita tukirudi kwenye shughuli Tunguu tairi ya nyuma ikapasuka, gari ikayumba ikavuka upande wa pili wa njia ikaingia majanini, na kama ingekuwa inakuja gari nyengine leo nisingekuandikia, Yusra ameshika tumbo analia, mama anasema "Alhamdulillah, Alhamdulillah", na nilipolitoa gurudumu nikakuta upande wa ndani, ule usiouona ukisimama nje, umelika mpaka waya zimetokeza, na upande wa nje meno bado yapo. Sasa Jumamosi hii kuna harusi Makunduchi, mama keshanambia niwahi, na mimi nimetia tairi nyengine nikakaa kimya. Nimwambie vipi mtu alonipa gari kwamba vyombo vyake vinaiua gari? Si atasema mkwe keshashiba, sasa ananiona mzigo? Nisaidie mama yangu, nimekwama.

Suhail, Kikwajuni

BI NADRA ANAJIBU

Waaleikum salaam, Suhail mwanangu, na marahaba. Poleni sana, wewe na Yusra na mama yenu. Barua za wakwe zinazonifikia hapa nyingi ni za kulaumiana, na yako imejaa shukrani kutoka juu mpaka chini, nimeisoma mara mbili kwa raha. Lakini ngoja nikuseme kwanza, utanisamehe.

Hivi wewe una akili timamu? Umeziona waya kwa macho yako, ukatia tairi nyengine, na Jumamosi unataka kupakia mzigo ule ule na mke mwenye mimba juu yake! Tairi mpya haijaponya kitu. Itakwenda njia ile ile iliyokwenda mwenzake.

Nimemuuliza Usi, fundi wa gari yangu, nisije nikakuandikia ya kubahatisha. Anasema kwa ulivyoeleza, gari yako ni ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Kila ukikanyaga mafuta, hayo ndiyo yanayosugua lami, kwa hiyo hata bila ya sufuria moja tairi za nyuma zingeisha kabla ya za mbele. Hilo halina mchawi. Dawa yake ni kuzibadilisha nafasi mapema, za mbele nyuma na za nyuma mbele, kabla hazijapishana sana. Ila kulika kwa ndani ni jambo jengine. Gari ya namna yako ikilemewa nyuma, magurudumu yanatanuka chini, yanakanyaga kwa ukingo wa ndani. Na springi zikishachoka na bushi, ile mipira ya kwenye viungo vyake, zikafa, yanabaki hivo hivo hata gari ikiwa tupu. Upepo nao ukizidi, tairi inavimba inakanyaga kwa katikati peke yake, ndo vile vipara vyako vya mwanzo. Gari imelala kwa mzigo, wewe unatia upepo! Ulikuwa unampaka mgonjwa poda.

Kabla ya Jumamosi ipeleke kwa fundi ainyanyue, akague springi, shokapu na bushi za nyuma, kisha ipimwe alaimenti, yaani namna yanavyosimama na kuelekea, ya magurudumu yote manne, maana wapo wanaopima ya mbele tu wakakwambia nenda. Upepo tia ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, tena tairi ikiwa haijapata moto. Na jifunze kuinama na tochi ukachungulia upande wa ndani, usiridhike na unachokiona umesimama. Sufuria zitapanda gari ya mizigo. Wewe utamchukua mama na mkeo, wakae raha, wasipakate kitu. Hapo sina mjadala.

Mansour je? Mtu wa watu umemchafulia jina lake sokoni kwa kosa si lake, na kibaya zaidi umemfanya Bi Mize aseme uongo bila ya kujua. Nenda dukani kwake, mbele ya wateja wake, umuombe radhi. Kisha mwambie mama ukweli, ili naye akasafishe alipochafua.

Na kumwambia usimtume Yusra. Nenda mwenyewe asubuhi, kaa chini, sema: "Mama, gari ulonipa imenitoa mbali, na mimi kwa kutaka kukushukuru nimeilemeza mpaka nikakaribia kukuueni. Nisamehe. Vyombo tuvitafutie gari yake, nyinyi nitakuchukueni mimi." Basi. Usizunguke, usilie sana. Atakuona mkwe wa maana kuliko alivyokuona siku aliyofunua turubai.

Tena nikwambie kitu ambacho wewe mwenyewe umekiandika na hukukiona. Hakuna mahali kwenye barua yako Bi Mize amekuomba umbebee sufuria. Ulijitolea wewe, halafu ukamuogopa kwa jambo ambalo hakulitaka. Yeye siku ile tairi ilipopasuka hakuuliza habari ya chombo hata kimoja.

Kabla ya kukupa gari, Suhail, mama yule alikupa mwanawe. Ukitaka kumshukuru, mrejeshe Yusra nyumbani salama kila siku, mpaka ampakatishe mama yake mjukuu.