Sukari Niliyokukorogea

Baba,

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike Ujiji, na sijamwambia mtu hapa chuoni kwamba bado nakusikia. Mchana kweupe, maabara imejaa watu, nasikia kijiko kikigonga kikombe. Nageuka. Hakuna anayekunywa chai.

Mwalimu wangu amenipa kazi ya kuchunguza sukari. Laiti angejua! Ni ile ile iliyokujaa damuni. Naisaga na chumvi maalumu, naikandamiza iwe kidonge chembamba kama kioo, kisha mashine inapitisha mwanga usioonekana kwa macho. Sukari inameza sehemu ya mwanga huo, na kalamu inachora mabonde kwenye karatasi. Kwa mabonde hayo nalijua umbo lake: pete ya atomi sita, na pembeni kipande kidogo kinachoelekea juu au chini. Kikigeuka hicho tu, bonde nalo linahama. Ungeniuliza, "Sasa hiyo inamsaidia nani?" huku unatabasamu, maana wachuuzi wote wa dagaa pale Kibirizi ulikuwa umewatangazia kwamba binti yako anasomea vitu visivyoonekana.

Lakini likizo ile ya mwisho niliyokuja nyumbani, kidonda cha mguu wako hakifungi na daktari ameshakukataza sukari, uliniambia, "Mwanangu, kijiko kimoja tu. Mama yako asijue." Sukari yenyewe ya kupanga foleni duka la ushirika. Nikakukorogea. Kesho yake tena. Mimi, niliyeijua sukari kuliko wote nyumbani! Wiki ya pili ukalala usiamke, pumzi yako ikinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Nilipokuja kwa treni kwenye arobaini yako, nilishindwa kuitunza siri yetu. Nikamwambia Mama. Alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nampa. Kila asubuhi. Akasema wewe usijue."

Baba. Ulitufanyia hivyo kweli?

Nilidhani ukweli ungekutuliza. Bado unakuja.

Mama anasema amekusamehe. Mimi bado, ila najaribu. Nikimaliza masomo nitarudi Kigoma, na kila nyumba yenye mgonjwa kama wewe nitaingia. Nitawakalisha mke, watoto na mgonjwa mwenyewe mkeka mmoja, niwaambie habari ya sukari wote kwa pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Pumzika sasa, Baba. Nami uniache nipumzike.

Mwanao,
Zuhura