Ua Jeupe Pembeni mwa Picha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi penye mwanga, miwani ikiwa usoni na si juu ya kichwa, unakoisahau kisha unaitafuta nyumba nzima. Goti linasemaje siku hizi? Dada aliniambia umeanza tena kupanda ngazi bila kushika ukuta. Nilifurahi, halafu nikakasirika, maana nakujua. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako anakusalimu sana, na wajukuu wako wamerefuka mpaka sare za shule zinawaishia juu ya vifundo vya miguu. Kazi yangu ya miwani inakwenda: nachonga vioo, nakaza skrubu, nawaambia watu wamependeza hata pale ambapo hawakupendeza.

Barua yako imenifikia wiki iliyopita. Umesema ile picha ya ndege umeitundika sebuleni juu ya cherehani, na kila mgeni akiingia unamwambia mwanao ameshinda. Mwishoni, kama kwa bahati tu, ukaniuliza lile ua jeupe lililo pembeni chini ni ua gani. Nitakujibu. Ila nikilijibu swali hilo peke yake hutanielewa, kwa hiyo nivumilie kwanza nikueleze watu walionipa huo ushindi.

Nilijiunga na chama chao cha wapiga picha za ndege miaka miwili iliyopita. Walikuwa wananiletea lenzi zao dukani zikiwa zimeota ukungu, niwatolee. Lenzi zenyewe, mama, ni ndefu kama mkono wa mtu mzima na nene kama sufuria. Wao wanaziita mizinga. Ukiwaona asubuhi wamejipanga kando ya bwawa la maji ya mji, watu kumi na mmoja, wamevaa nguo zenye michoro ya majani hadi soksi, utadhani vita imetangazwa na adui ni shomoro.

Ndege wenyewe hawawajui. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Wakikutana hawaulizani umeona ndege gani, wanaulizana umekuja na lenzi gani. Mmoja alipiga picha ya mdiria akaileta kwenye mkutano akamwita kasuku, na kumi wengine wakasifu jinsi manyoya yalivyotoka makali. Mwingine anapiga sauti ya ndege dume kwenye simu, ili dume mwenye makao yake aje kupigana na simu. Nilimwona ndege wa watu akiipigia kelele ile simu saa nzima, hali makinda wake wanamngoja kiotani, na bwana yule anacheka huku anabonyeza.

Mwenyekiti wao ni daktari wa meno mstaafu, na mpaka leo anazungumza na watu kama vile wamefunguliwa mdomo na hawawezi kumjibu. Ndiye mwenye mzinga mrefu kuliko yote. Akiulizwa maoni kuhusu picha ya mtu, kwanza anaulizia lenzi, ndipo anajua kama picha ni nzuri.

Halafu wana neno lao, na naomba ulikumbuke neno hili. Mtu akikuta tawi limemziba ndege wake, analikata, kisha anasema amesafisha. Hakukata, hakuharibu: amesafisha. Wanalisema kwa sauti ya mtu aliyetoka kuosha vyombo. Siku moja nilisimama mkutanoni nikawaambia kwamba yale majani ndege hakuyakuta hapo kwa bahati, aliyachagua, ni paa la nyumba yake, na anayekata tawi la kiotani ameezua nyumba yenye watoto ndani. Walinipigia makofi. Wakaweka na kanuni, maneno nikiyatunga mimi: atakayesafisha penye kiota afukuzwe chamani. Mwenyekiti aliisoma kanuni kwa ukali, yeye ambaye begi lake lina msumeno. Nyani haoni kundule, nikajisemea, nikaenda nyumbani nimejaa kama puto.

Basi msimu uliopita yangeyange mmoja alijenga kwenye mti mfupi ulioinamia bwawa, akatotoa makinda watatu. Asubuhi moja chama kilipofika, tulikuta kiota kiko wazi juani. Tawi lililokifunika lilikuwa limekatwa, makinda wawili wamekufa kwa joto na wa tatu kunguru walishampitia. Mwenyekiti alipandwa na hasira kama mtu asiyewahi kushika msumeno maishani. Akamwita msimamizi wa bwawa, akamwambia kwamba kuna mtu amesafisha ule mti na lazima ajulikane siku hiyo hiyo.

Msimamizi akamwita mfagiaji wa pale, mzee mmoja mwembamba ambaye amefagia kingo za bwawa lile miaka kumi na miwili. Akamuuliza ni nani aliyesafisha pale kwenye mti. Mzee akasimama wima, ufagio mkononi, akajibu kwa fahari kabisa kwamba ni yeye. Akaongeza kwamba husafisha pale kila siku alfajiri, hajakosa hata mara moja, na kama mabwana wamependezwa anashukuru.

Mama, watu kumi na mmoja walisimama pale na hakuna aliyeelewa kwamba yule mzee anazungumzia majani makavu. Wamelizoea neno lao mpaka wamesahau kwamba sisi wengine tunalo la kwetu. Mwenyekiti alisema angalau mzee ana ujasiri wa kukiri. Kabla ya adhuhuri mzee alikuwa amekabidhi ufagio na sare. Alipokuwa anaondoka alituuliza kama majani yalikuwa yamebaki mahali.

Mwezi mmoja baadaye yakaja mashindano ya chama, nami nikapeleka ile picha uliyonayo, ya yangeyange aliyetanua mabawa yote mawili juu ya makinda wake. Nikawaambia niliipiga wiki moja kabla ya tawi kukatwa. Mke wa mwenyekiti alifuta machozi. Mwenyekiti akatangaza kwamba haijawahi kupigwa picha inayoonyesha mapenzi ya mama kama ile, ya mama akiwakumbatia wanawe siku chache kabla ya ujinga wa mfagiaji kuwaua. Wakaiita "Mama", wakanipa kikombe, wakaitengenezea nakala mbili kubwa. Moja ndiyo hiyo.

Wiki tatu zilizopita yule mzee aliingia dukani kwangu. Hakunitambua, maana siku ile sote alituona kama nguo za majani tu. Alitaka apimwe macho. Nilipomuuliza yanamsumbua nini, alisema hayamsumbui kitu, ila anahofia yameanza kumdanganya. Alikata tawi la mti na hakumbuki kulikata, wala hakuliona. Nikamwambia huenda hakulikata. Akanitazama kwa huruma, akasema mabwana wale wana vioo vinavyoona hadi ng'ambo ya maji, kama wao wamesema amekata basi amekata, na mtu asiyeona anachokata hafai kupewa hata kazi ya kufagia uani. Kwa hiyo hajaomba kazi popote. Nilimpima. Macho yake ni mazima kuliko yangu.

Nikamrudisha nyumbani bila miwani na bila neno lingine. Jioni mkwe wako aliniuliza mbona sili, nikamwambia kichwa kinaniuma.

Kisha ikaja barua yako.

Lile si ua, mama. Ni kisiki cha tawi. Ni ule weupe wa mti uliokatwa muda huo huo, kabla haujakauka ukawa kahawia. Picha haikupigwa wiki moja kabla. Ilipigwa robo saa baada ya kukatwa, na aliyekata ni mimi.

Nilikwenda peke yangu asubuhi tatu mfululizo. Kila nikimvuta kwa lenzi, lile tawi lilimpita usoni. Siku ya tatu nilifungua begi nikatoa mkasi wako wa kitambaa, ule ulionipa ulipoacha kushona, ule ambao wewe ulikuwa unatuchapa tukithubutu kuukatia karatasi. Tawi lilikuwa jembamba, likakatika nilipobana mara ya pili. Na nilipolitupa majini nikajisikia nikisema, kwa sauti kabisa, nimesafisha.

Jua likaingia. Hazikupita dakika nyingi yangeyange akarudi, akasimama akatanua mabawa. Wale wote wanaoijua hadithi ya mapenzi na kukumbatia, waache nayo. Alikuwa anawakinga wanawe na jua nililowaletea mimi. Wenzangu wangeweza kusema hawakujua. Mimi nilijua, maana mimi ndiye mjuzi, mimi ndiye niliyewahubiria habari za paa. Nilibonyeza mara mia na sitini. Alikuwa amefungua mdomo anahema, na niliiacha picha ile nikachagua nyingine ambayo mdomo umefungwa.

Na siku mzee alipoulizwa, pale kando ya bwawa kulikuwa na mtu mmoja tu aliyezielewa lugha zote mbili, ya ufagio na ya mizinga. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, mkasi ukiwa begini. Nilimdharau mwenyekiti kwa upumbavu wake, nikawadharau na wale wengine, na dharau ikanistarehesha sana, maana ilinipa kazi ya kufanya badala ya kufungua mdomo.

Watu kumi na mmoja wenye lenzi zinazohesabu manyoya ya ndege waliitazama picha ile mwezi mzima, na hakuna aliyekiona kile kisiki. Umekiona wewe, toka kwenye kiti chako, kwa miwani niliyokutengenezea mwenyewe. Ndiyo maana nimetaka ulijue jambo hili kabla yao.

Kesho asubuhi ninakwenda kwa yule mzee kumwambia kwamba macho yake ni mazima na aliyemdanganya ni mimi. Toka hapo tutakwenda pamoja kwa msimamizi, na nakala yangu ya picha nitaibeba, nimekizungushia kisiki wino mwekundu. Chamani watanifukuza kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe. Sijui kama mzee atarudishiwa ufagio wake, na sijui kama atataka kunipa mkono.

Picha fanya utakavyo. Ukiishusha nitaelewa. Ukiiacha, basi mgeni akija mwonyeshe kile kisiki kwanza, ndege baadaye.

Nisalimie dada na shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Usipande ngazi bila kushika ukuta. Zamani uliniambia mshono uliokosewa haupigwi pasi, unafumuliwa. Mkasi nitakuletea mwenyewe mwisho wa mwezi. Umeingia pengo, mama, karibu na ncha, na nimejaribu kuunoa lakini pengo halitoki.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako,
Fundi miwani