Laini Itakayombeba Shangazi

KWAYA YA GHOROFANI: KAMATI YA SAFARI

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa tisa alasiri, katika chumba cha mazoezi juu ya duka la kinyozi.

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu wa hesabu), Mwekahazina (fundi saa), Muuguzi (kiongozi wa sauti ya kwanza), Ngurumo (besi), Katibu. Waimbaji wengine walikuwepo kwa ajili ya mazoezi, bila kura.

Asiyehudhuria, kwa udhuru: Shangazi, mtoa sauti. Mguu umo kwenye plasta.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO, NA KAULI ILIYOTULETA HAPA

"Waifai ya bure iko kila mahali kama hewa. Kununua huduma ya simu kwa safari ya nje ni kulipia unachopewa bure." Hayo aliyaandika Mwekahazina katika kundi letu la simu, na watu wazima wakaweka alama ya dole gumba. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kumwomba ayatetee. Alisema hayahitaji utetezi. Katibu alijibu kwamba hewa haimdai mtu neno la siri, wala haikatiki mtu akitoka mapokezi kwenda jukwaani. Na kwamba waandaaji wa tamasha tunalokwenda kuimba wameandika wazi kwenye mwaliko kuwa ukumbi wao hauna waifai ya wageni. Mwaliko huo Mwekahazina alitusomea yeye mwenyewe mwezi uliopita, akairuka aya hiyo.

Mwekahazina alisema Katibu akipewa kalamu hata chai inakuwa vita. Kauli hiyo imeandikwa kama alivyoomba.

KUMB. NA. 2/6: KWA NINI SIMU NI LAZIMA

Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba kwaya hii haina kinanda. Ina Shangazi, ambaye ni shangazi yake kwa damu na wa sisi sote kwa mazoea. Kabla ya kila wimbo tunamwamkia. Yeye husikiliza namna tunavyosema "shikamoo", hupima makoo ya siku hiyo, kisha hutoa sauti ya kuanzia. Mwezi huu alivunjika mguu akicheza kwenye harusi ya mpwa wake, na daktari amemkataza kupanda ndege. Salamu alizotuma ni hizi: "Nendeni. Nimevunjika mguu, si ulimi."

Muuguzi alisema bila Shangazi tutaimba kama watu wanaotafutana gizani. Aliongeza kwamba hakuna aliyeisubiri safari hii kama mama huyo: sanduku lake bado liko mlangoni, limefungwa, na hataki mtu aliguse. Swali la kikao likawa moja: ni huduma gani ya simu itakayomfikisha jukwaani?

KUMB. NA. 3/6: MAPENDEKEZO

Ngurumo alipendekeza tununue laini ya huko huko, tukitua uwanja wa ndege. Mwenyekiti alieleza kwamba shangazi yake hapokei namba asiyoijua. Ngurumo alibisha, akampigia hapo hapo kwa simu yake. Iliita mpaka ikakoma. Aliondoa pendekezo lake, akisema kwa masikitiko kwamba kumbe miaka yote hii ameimba na mtu ambaye hajaihifadhi namba yake.

Mwekahazina alipendekeza kupiga kwa intaneti. Alikumbushwa kwamba Shangazi anatumia simu ya batani, na ile ya kioo aliyozawadiwa aliirudisha akisema, "Nikibonyeza, nataka kitu kibonyee."

Ndipo Mwekahazina alipotoa hoja aliyokuja nayo mfukoni. Anayo rekodi ya Shangazi akitoa sauti, aliyoichukua mwezi wa nne. "Tunabonyeza, inalia, tunaimba. Laini ya nini?"

Katibu alipinga kwa maneno ambayo Mwenyekiti ameagiza yasiandikwe. Iliamriwa rekodi ijaribiwe.

KUMB. NA. 4/6: JARIBIO

Rekodi ilipigwa, waimbaji wakaanza. Jirani alikuwa akivunja ukuta tangu asubuhi, na vumbi lilikuwa limewakausha makoo. Wimbo ulipofika pale unapopanda, sauti ya kwanza ilipasuka, ya pili ikaenda kuisaidia ikazama nayo, na Ngurumo akabaki peke yake mpaka mwisho, kwa sababu, kama alivyojieleza, yeye humaliza alichoanza. Kinyozi aliuliza kutoka chini kama kuna aliyeumia.

Mwenyekiti alimpigia Shangazi kwa laini yake mwenyewe na kuweka spika. Kwaya nzima ilimwamkia.

"Marahaba. Mmekula chokaa?"

Alielezwa habari za ukuta.

"Basi leo hatupandi sana. Muuguzi, mwanangu, usijitutumue. Na huyo besi atoe kidevu kifuani. Namwona."

Alitoa sauti, chini kidogo ya ile ya rekodi. Kwaya iliimba. Katibu hana lugha ya kikao kwa kilichofuata. Itoshe kuandika kwamba nyundo ya jirani ilinyamaza, na kinyozi alipanda ngazi pamoja na mteja wake, aliyenyolewa upande mmoja, wakasimama mlangoni mpaka neno la mwisho.

KUMB. NA. 5/6: UAMUZI

Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba laini ya Mwenyekiti, namba ile ile Shangazi anayoijua, iwekewe huduma ya roming, yaani kuitumia laini ya nyumbani ukiwa ugenini, pamoja na kifurushi cha dakika. Muuguzi alionya kwamba shemeji yake aliwahi kuiwasha bila kifurushi, na salio likaisha kabla hajamaliza kusema amefika salama. Wenye haja ya kuongea na familia watanunua laini za huko, na wahakikishe mapema kwamba simu zao hazijafungwa kwa mtandao mmoja.

Mwekahazina aliunga mkono, ila akataka dakika chache. "Akishatoa sauti, tunakata. Tumlipie mtu kusikiliza tu?" Baadhi ya wajumbe walianza kutikisa vichwa kukubali.

KUMB. NA. 6/6: KUFUNGA

Mwenyekiti alipochukua simu yake mezani, iligundulika kwamba haikuwa imekatwa.

"Fundi saa," ilisema. "Bado nipo, baba."

Mwekahazina alisimama. Alimwamkia Shangazi kwa mara ya pili.

"Marahaba. Hiyo shikamoo iko juu mno, umeogopa. Haya, nisikilize. Miaka yote nimewapa mwanzo, na mwisho nimeusikia kwa masikio yangu. Sasa mnaniachia mwanzo peke yake?"

Aliyecheka wa kwanza ni Shangazi, kisha sote, na Mwekahazina kutushinda wote. Aliondoa hoja yake kabla hajaombwa.

Kikao kilifungwa na Shangazi, si na Mwenyekiti, saa kumi na moja na robo jioni, betri ya simu yake ya batani ilipoanza kulia.

Kwa hiyo, ninyi waimbaji: laini hiyo msiiguse, hata kama umekumbuka ukiwa ndani ya ndege kwamba hukuzima pasi. Nawe Mwekahazina, Jumatatu nenda na Mwenyekiti kwenye duka la mtandao, wala usirudi na kifurushi kidogo. Nunua dakika za kutosha nyimbo zote, na makofi yake.

Mwenyekiti: ..............................

Katibu: ..............................