Bango la Analyn

Tessie, shoga yangu, upo?

Matokeo ya ule mtihani wa ufadhili wa sekondari hayajatoka. Hayajatoka! Lakini mume wangu Rodel ameshatundika bango getini, uso wa binti yetu mkubwa kama wa mgombea umeya: HONGERA ANALYN, FAHARI YA UKOO WA DIMAYUGA!

Nikamwambia, "Baba Analyn, unatutafutia mkosi." Akacheka! Majirani wanauliza nguruwe wa sherehe anachomwa lini.

Analyn karudi kutoka shule, kalitazama bango weee, hakucheka. Akanifuata jikoni.

"Mama, mwambie Baba alishushe. Siku ya mtihani niliishia mlangoni. Sikuingia."

Hakuingia, Tessie! Hakuingia!

Na sasa hivi nasikia nguruwe analia uani. Rodel ameshamleta.